Roboti, kamera na vinyama vya utumbo: mambo ambayo kanisa linapaswa kujua

Tunaandika kutoka Lubumbashi, komini ya Kenya. Wasomaji wetu wa Goma, Bukavu na Uvira huuliza mara kwa mara kama tunaandika kutoka nchi ya Kenya. Hapana. Kenya yetu ni moja ya komini 7 za mji wa Lubumbashi, jirani ya Kamalondo na Katuba, na soko lake linajulikana na kila mtu wa Haut-Katanga.

Tunaandika makala hii kwa sababu ya ombi moja. Watoto wa papa mmoja wa kanisa letu walikuja kutuona baada ya ibada ya Jumapili. Baba yao alikuwa akitokwa na damu chooni. Alikuwa amepimwa kwa kamera, na ndani ya utumbo wake kulionekana uvimbe. Kijana wao mkubwa alikuwa na simu mkononi: alisoma kwamba huko India na Asia kuna roboti inayoingia ndani ya utumbo na kuondoa uvimbe bila kupasua tumbo. Waliomba kanisa lifanye makusanyo ili baba asafiri. Kiasi walichotaja kilitufanya sisi na wazee wa kanisa tutazamane tu.

Hatukujua jambo lolote juu ya roboti hiyo. Mchungaji asiyejua ni afadhali aulize kabla ya kutangaza sadaka au kuikataa. Tuliuliza madaktari, tukasoma, na haya ndiyo tuliyojifunza. Tunayaweka hapa ili kanisa lingine likipata ombi kama hili, lisianzie gizani kama sisi.

Utumbo mpana na vinyama vyake

Chakula kikitoka tumboni hupita kwanza katika utumbo mwembamba, kisha kinaingia katika utumbo mpana. Huo ni kama bomba lenye urefu wa karibu mita 1 na nusu. Kazi yake ni kunyonya maji na kutengeneza choo. Sehemu ya mwisho, karibu na njia ya haja kubwa, huitwa rektamu.

Ukuta wa utumbo mpana ni mwembamba, milimita chache tu, lakini una tabaka kadhaa. Tabaka la ndani ni ngozi laini yenye ute. Chini yake kuna tabaka lenye mishipa midogo ya damu, kisha msuli unaosukuma choo, na mwisho kifuniko cha nje. Msomaji ashike picha hii ya tabaka, kwa maana kila kitu tutakachosema baadaye kinategemea ugonjwa umefika tabaka gani.

Mara nyingine ngozi ya ndani huota vinyama. Madaktari huviita polipi. Kinyama kimoja kinaweza kuwa na shingo kama uyoga, kingine kikalala bapa kama zulia. Vingi havina hatari. Lakini aina fulani, vikiachwa miaka mingi, mara nyingi 10 hivi, vinaweza kugeuka kuwa kansere, ugonjwa ambao wenzetu wa Tanzania huuita saratani. Mwanzoni kansere hukaa katika ngozi ya ndani tu. Baadaye huchimba kwenda chini, hufika kwenye msuli, kisha husafiri hadi kwenye ini na mapafu.

Ugonjwa huu si mdogo. Mwaka 2022, ulimwenguni kote, watu karibu milioni 1.9 waligunduliwa kuwa na kansere ya utumbo mpana na rektamu, na watu zaidi ya 900,000 walikufa kwa sababu yake. Wapenzi wa mpira wa miguu, ambao hapa kwetu ni wengi, watakumbuka kwamba Pelé wa Brazil alipasuliwa uvimbe wa utumbo mpana Septemba 2021, akafariki tarehe 29 Desemba 2022.

Namna kinyama kinavyoondolewa bila kisu cha nje

Kuna chombo kinachoitwa kolonoskopi. Ni mpira mrefu unaopindika, wenye taa na kamera kwenye ncha yake. Daktari huuingiza kwa njia ya haja kubwa na kutazama utumbo wote kwenye televisheni. Ndani ya mpira huo kuna kijia chembamba cha kupitishia vyombo vidogo.

Mwezi Septemba 1969, mjini New York, madaktari wawili, William Wolff na Hiromi Shinya, walipitisha kitanzi cha waya katika kijia hicho, wakakizungushia kwenye shingo ya kinyama, wakatuma umeme kidogo, na kinyama kikakatika huku jeraha likifungwa kwa joto. Kabla ya hapo ilibidi kupasua tumbo. Ngozi ya ndani ya utumbo haisikii maumivu ya kukatwa kama ngozi ya nje, kwa hiyo wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku ileile.

Je, kuondoa vinyama kunazuia kansere kweli? Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba watu walioondolewa vinyama vya aina ya hatari walipata kansere kwa kiwango kidogo sana kuliko ilivyotazamiwa, pungufu kwa asilimia 76 hadi 90. Mwaka 2012 watafiti waliofuatilia wagonjwa wa utafiti huo walionyesha kwamba vifo vyao kwa kansere hiyo vilipungua kwa karibu nusu. Si magonjwa mengi ya kansere ambayo mtu anaweza kuyazuia kabla hayajazaliwa. Hili ni mojawapo.

Kinyama kikiwa kipana na bapa, kitanzi peke yake hakitoshi. Daktari huchoma sindano ya maji chini ya kinyama ili kukiinua kutoka kwenye msuli, kama vile mama anavyoinua chapati kwa upande wa kijiko ili isishike sufuria. Kisha anakata. Kama kinyama ni kikubwa, mara nyingi hulazimika kukikata vipande vipande, na kipande kidogo kikibaki kinaweza kuota tena.

Ndiyo maana Wajapani walitengeneza njia nyingine katika miaka ya 1990. Badala ya kitanzi, daktari hutumia kisu kidogo cha umeme na kuchuna taratibu tabaka lililo chini ya kinyama, mpaka kitoke chote kikiwa kipande kimoja. Kipande kizima kikifika maabara, mtaalamu anaweza kuona vizuri kama kansere imeanza, na kama kingo zote ni safi. Kazi hii inaweza kuchukua saa nyingi, na kujifunza kwake kunachukua miaka. Kisu kikizama kidogo tu kupita kiasi, ukuta hutoboka na uchafu huingia tumboni.

Roboti inaongeza nini?

Ndugu msomaji, jaribu kumenya embe kwa mkono mmoja tu, mkono wa pili ukiwa nyuma ya mgongo. Hiyo ndiyo shida ya daktari wa kolonoskopi. Kamera na kisu vimo katika mpira mmoja: akisogeza kisu, na kamera inasogea. Hana mkono wa pili wa kushika ngozi na kuivuta juu ili aone mahali pa kukata.

Roboti inampa mikono miwili. Mfano mmoja unatoka Singapore. Mwaka 2004, kwenye chakula cha jioni, daktari Sydney Chung wa Hong Kong aliwaonyesha wenzake kaa aliyekuwa mezani, akawaambia watengeneze kitu kinachofanana na koleo zake. Injinia Louis Phee na daktari Lawrence Ho walilifanyia kazi wazo hilo. Kwenye ncha ya mpira waliweka mikono midogo miwili: mmoja unashika na kuinua, mwingine unakata. Mwaka 2011 walikitumia kwa wagonjwa 5 wa uvimbe wa tumbo la chakula, huko India na Hong Kong. Baada ya miaka kadhaa, timu ya Philip Chiu wa Hong Kong iliendelea kuijaribu roboti ya jamii hiyo ndani ya utumbo mpana. Huko Strasbourg, Ufaransa, nako wameunda mpira wa roboti wenye mikono miwili.

Tulipofika hapa tulielewa mambo matatu ambayo simu ya kijana wetu haikumwambia.

La kwanza, roboti haifanyi kazi peke yake. Haiamui jambo lolote. Daktari hukaa kwenye kiti, anatazama kioo, anasogeza vishikio kwa vidole vyake, na mikono midogo ndani ya utumbo inamfuata. Daktari asiyejua kazi hageuki kuwa fundi kwa sababu ya mashine.

La pili, kuna roboti za namna mbili na watu huzichanganya. Zile tulizoeleza huingia kwa njia ya haja kubwa kuondoa uvimbe wa juujuu. Zile zinazoonekana zaidi katika hospitali kubwa za dunia huingia kupitia matundu madogo ya tumbo, na hutumika kukata sehemu nzima ya utumbo wakati kansere imekwisha kuzama. Hizo ni mashine zinazouzwa kwa zaidi ya dola milioni 1, bila kuhesabu matengenezo ya kila mwaka.

La tatu, mashine ya bei kubwa si lazima ilete matokeo makubwa. Mwaka 2017 ulitangazwa utafiti wa wagonjwa 471 wa kansere ya rektamu katika nchi 10. Nusu walipasuliwa kwa roboti, nusu kwa upasuaji wa kawaida wa kamera na matundu madogo. Wapasuaji walioshindwa na kulazimika kufungua tumbo walikuwa karibu 12 kwa 100 katika kundi la kawaida, na 8 kwa 100 katika kundi la roboti. Watafiti walisema tofauti hiyo ni ndogo mno, haitoshi kuthibitisha kwamba roboti ni bora. Roboti ni chombo kizuri, na kwa mgonjwa fulani kinaweza kuwa chombo kinachofaa kuliko vyote. Lakini si muujiza.

Je, mambo haya ni ya mbali na sisi?

Si mbali kama tulivyodhani. Tarehe 3 Machi 1997, nchini Ubelgiji, Jacques Himpens na Guy-Bernard Cadière walikuwa kati ya madaktari waliomwondolea mgonjwa kibofu cha nyongo kwa kutumia roboti ambayo daktari aliiongoza akiwa amekaa mbali na kitanda. Ilikuwa kati ya operesheni za kwanza za namna hiyo duniani. Cadière huyohuyo alikuja baadaye Bukavu, katika hospitali ya Panzi, akafanya kazi pamoja na Dokta Denis Mukwege. Panzi ilianzishwa mwaka 1999 na iko chini ya CEPAC, mojawapo ya jumuiya za Kanisa la Kristo Kongo. Huko alileta upasuaji wa kamera na matundu madogo kwa ajili ya wanawake walioumizwa, na mwaka 2019 yeye na Mukwege walitoa kitabu cha pamoja juu ya kazi hiyo. Mtu aliyefungua njia ya roboti hakuja Kongo na roboti. Alikuja na njia ambayo hospitali ya kanisa ingeweza kuitumia na kuitunza. Jambo hili tumelitafakari sana.

Kwa jirani zetu wa Rwanda, mwezi Oktoba 2023 kulifunguliwa mjini Kigali kituo cha IRCAD Afrika, tawi la chuo cha Strasbourg, kinachofundisha wapasuaji wa bara letu kazi ya kamera. Na kwa jirani zetu wa Angola, mwezi Juni 2025 daktari Vipul Patel akiwa Florida, Marekani, aliongoza roboti iliyompasua mgonjwa wa kansere ya prostati aliyekuwa Luanda. Basi vijana wetu wanaosoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi wasione kwamba mambo haya ni ya wengine.

Hata hivyo tuseme ukweli wa hapa. Roboti inahitaji umeme usiokatika, na kila mtu wa Kenya anajua umeme wetu. Hata kolonoskopi ya kawaida inahitaji umeme, maji safi ya kuosha mpira, dawa za kuua vijidudu, na daktari aliyefundishwa. Mgonjwa mwenyewe hunywa lita kadhaa za dawa ya kusafisha utumbo siku moja kabla, na anahitaji choo cha karibu na maji. Katika parsele ambamo familia tano hutumia choo kimoja, hilo nalo ni jambo la kupanga mapema na majirani.

“Ni ugonjwa wa wazungu”

Tumesikia maneno haya hata kutoka kwa wasomi. Yana historia, na historia hiyo inatuhusu sisi Waprotestanti. Daktari mmoja wa Ireland, Denis Burkitt, mkristo mwenye bidii, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi Mulago, Kampala, hadi miaka ya 1960. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na madaktari wawili wamisionari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, akipita katika hospitali zaidi ya 50 ili kujua kansere fulani ya watoto inapatikana wapi. Baadaye aliendelea kuziandikia hospitali nyingi, nyingi kati yake za misioni, akiuliza wanaona magonjwa gani.

Majibu yalimwonyesha kwamba kansere ya utumbo mpana ilikuwa nadra katika vijiji vya Afrika. Akaanza kupima hata uzito wa choo, na muda ambao chakula kinachukua kutoka mdomoni hadi nje. Mwaka 1971 aliandika kwamba sababu inaweza kuwa chakula: watu wa vijiji walikula nafaka isiyokobolewa, maharagwe, mihogo na majani, vyenye nyuzinyuzi nyingi.

Wengine walishika nusu ya maneno yake. Walisema Mwafrika hapati kansere hiyo, kana kwamba kinga iko katika ngozi yetu. Burkitt hakusema hivyo. Alisema ni katika chakula. Mwaka 2015 watafiti walibadilishana vyakula vya watu 20 wa vijijini Afrika Kusini na Wamarekani weusi 20. Kwa majuma mawili tu, Waafrika waliokula nyama na mafuta mengi walianza kuonyesha ndani ya utumbo dalili za hatari, na Wamarekani waliokula maharagwe na nyuzinyuzi walipata nafuu. Damu ya mababu ilikuwa moja. Sahani ndiyo iliyobadilika.

Sasa tutazame sahani za Lubumbashi. Bukari ya unga mweupe uliokobolewa mpaka haukubaki na ganda. Soseji na chipsi jioni. Sombe, lengalenga na maharagwe tunaviita chakula cha wasio na pesa. Wamama wetu wanaouza majani katika soko la Kenya wanauza dawa bila kujua.

Mahali tulipokosea

Hapa tunaomba uvumilivu wa wasomaji, kwa sababu tunasema juu yetu wenyewe.

Miaka michache kabla ya papa huyu, kulikuwa na mama katika kwaya yetu. Alitokwa na damu chooni zaidi ya mwaka mmoja. Kwanza alificha. Kisha alimwambia mama mchungaji, naye alituambia sisi. Watu wa nyumbani walisema ni bawasiri. Wengine walisema ni amibe. Alitumia ule mpira wa kusafishia tumbo, na dawa ya mizizi yenye pilipili. Alipozidi kukonda, watu walianza kunong'ona juu ya laana, na mmoja alitaja mfalme Yehoramu, ambaye Maandiko yanasema alikufa kwa ugonjwa wa matumbo kwa sababu ya uovu wake.

Sisi tulifunga na kuomba pamoja naye. Kuomba hakukuwa kosa. Kosa letu lilikuwa kwamba katika miezi yote ile hatukumwuliza hata mara moja: “Mama, nani amekupima?” Alipofika hospitali, kansere ilikuwa imeingia kwenye ini. Hakuna kitanzi wala roboti ingeweza kumsaidia. Tulimzika, kwaya ikaimba, na sisi tulihubiri. Mpaka leo tukisoma habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, tunafikiri juu yake. Bwana alimwita mwanamke yule mbele ya umati, akamwita binti, akamwondolea aibu. Sisi aibu ya mama yetu tuliiacha pale tulipoikuta.

Juu ya Yehoramu tunasema hivi: Maandiko yanaeleza habari za mfalme mmoja. Hayafundishi kwamba kila mgonjwa wa matumbo amelaaniwa. Hezekia naye aliugua mpaka karibu ya kufa. Aliomba kwa machozi, Mungu akamsikia, na nabii Isaya akaagiza andazi la tini liwekwe kwenye jipu. Sala na dawa vilikutana kitandani pamoja. Na Luka, aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa.

Dalili ambazo hazifai kufichwa

Mtu aende hospitali kama ana mojawapo ya mambo haya:

- damu katika choo, nyekundu au nyeusi, hata kama haiumi;
- choo kilichobadilika kwa majuma kadhaa: kuhara, kufunga, au kuwa chembamba kuliko kawaida;
- kusikia haja bila kumaliza;
- kukonda bila sababu, kuchoka, au kuishiwa damu;
- maumivu ya tumbo yanayorudi, au uvimbe unaoshikika.

Dalili hizi si lazima ziwe kansere. Kwetu amibe, bilharzia na bawasiri ni magonjwa ya kila siku, nayo huleta damu. Ndiyo sababu kipimo kinahitajika: macho ya jirani hayawezi kutofautisha. Mtu akitibiwa amibe mara moja na damu ikarudi, asinunue dawa ileile mara ya pili na ya tatu. Arudi aseme: “Dokta, imerudi.” Uchunguzi wa kwanza ni kidole cha daktari chenye glavu; nusu ya aibu yetu iko hapo, na ni dakika moja tu. Kuna pia kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana. Kikionyesha damu, mtu hajahukumiwa kufa, kwani hata minyoo inaweza kuwa sababu; anapaswa kutazamwa zaidi.

Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata kansere hii amwambie daktari mapema, hata kama hana dalili. Marekani, tangu mwaka 2021, inashauri watu wasio na dalili waanze kupimwa wakiwa na miaka 45. Hapa kwetu kipimo cha namna hiyo kwa kila mtu bado hakiwezekani, lakini mwenye dalili asingoje umri wowote. Madaktari wa Afrika huona wagonjwa wengi walio chini ya miaka 50.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukusanya sadaka

Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba kwanza huketi na kuhesabu gharama. Kwa papa wetu tuliketi na familia na daktari, tukauliza maswali haya, na tunayapendekeza kwa makanisa yote:

1. Je, kipande cha uvimbe kimepimwa maabara? Matokeo yanasema nini kwa maandishi?
2. Ugonjwa uko tabaka gani? Juujuu, kwenye msuli, au umesafiri?
3. Ni njia gani rahisi kuliko zote inayoweza kuuondoa wote?
4. Nani karibu nasi anaifanya kazi hiyo mara nyingi? Lubumbashi kwenyewe, hospitali ya Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu wanaelekeza wapi? Na ng'ambo ya Kasumbalesa?
5. Baada ya operesheni, nani atamfuatilia, na kwa pesa gani?
6. Kama njia haipo, ni huduma gani itakayomsaidia asiteseke?

Jibu la swali la tatu lilitushangaza. Uvimbe wa papa ulikuwa na shingo. Daktari alichora uyoga kwenye karatasi, akazungusha kalamu kwenye shina lake, akasema: “Huyu hahitaji roboti. Anahitaji waya.” Kijana mkubwa hakufurahi. Alifikiri tunatafuta njia ya kuokoa pesa za kanisa juu ya mgongo wa baba yake, akasema hivyo mbele ya wazee. Hatukumkasirikia. Mtoto anayempenda baba yake hutaka kitu kikubwa kuliko vyote. Tulimwambia: kama daktari angesema uvimbe ni mpana, bapa, unaohitaji kuchunwa na fundi wa mbali, tungesimama naye kutafuta njia, hata kama isingetosha.

Papa alisafiri kwa basi, si kwa ndege. Kinyama kilitoka kwa kitanzi. Maabara ilisema kilikuwa cha aina ya hatari, lakini hakijageuka kuwa kansere. Ameambiwa arudi kutazamwa tena baada ya miaka 3, na tarehe hiyo tumeiandika katika daftari la kanisa, maana mtu aliyepona husahau.

Makusanyo yalizidi gharama kidogo tu. Kwa ruhusa ya watoa sadaka, kilichobaki kiliwekwa kuwa mwanzo wa sanduku la vipimo, linaloshikwa na mashemasi wawili na mama mmoja muuguzi. Halilipi safari. Linalipa nauli ya mjini, kadi ya hospitali na kipimo cha kwanza, kwa mtu anayetokwa damu na kuona aibu. Ni sanduku dogo. Miezi mingine halina kitu. Lakini kama lingekuwepo wakati ule, na kama tungekuwa na ujasiri wa kuuliza, huenda mama wa kwaya angefika wakati bado kuna shingo ya kufungia waya.

Ndugu wachungaji, tunawaomba jambo moja. Jumapili moja, baada ya matangazo ya ndoa na mazishi, semeni waziwazi mbele ya kanisa neno hili: damu chooni. Watu watacheka kidogo. Kisha baada ya ibada, mtu mmoja atabaki nyuma akingoja wengine watoke. Mtu huyo ndiye mliyemsemea.

Bwana awabariki, awape hekima ya kuomba na hekima ya kupima.